Kijana Anapoelemewa: Mwongozo kwa Nyumba za Mombasa

Kijana wa Mombasa anapoanza kubadilika, mara nyingi hakosi wa kumwona. Mama ameona kwamba sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka, nyanya amesikia nyayo zake saa nane za usiku, jirani ametambua kwamba haonekani tena uwanjani alasiri, na mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba hamakiniki darasani. Kinachokosekana ni mmoja wao kuambiwa, au kujiambia mwenyewe, kwamba jambo hili sasa ni lake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mzazi, shangazi, kaka mkubwa, mwenye ploti au maalim wa chuo cha Kurani. Nyumba haihitaji utaalamu wa udaktari ili imsaidie kijana aliyeelemewa, lakini inahitaji kugawana kazi, na kazi ya kwanza kugawanywa ni ile ya kumsikiliza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ukiwahesabu vijana wa ploti chache za Chaani au wa kichochoro kimoja cha Majengo, utaona kwamba hili si jambo la nyumba za watu wengine.

Amueni kwanza nani atazungumza naye

Familia nyingi huanza kwa kikao kikubwa. Baba, ami, mjomba na halati huketi sebuleni, kijana huitwa, na kila mmoja humnasihi kwa zamu. Nia ni njema, lakini kijana aliyeelemewa hukiona kikao cha namna hiyo kuwa baraza la hukumu, naye atasema hana neno ili tu aruhusiwe kuondoka. Kikao na kifanyike, ila kifanyike bila yeye, na ajenda yake iwe fupi: mtoto huyu anamwamini nani? Mtu huyo asichaguliwe kwa sababu ya umri wake wala kwa sababu ndiye anayelipa karo. Katika nyumba nyingi za Pwani huwa ni shangazi, binamu aliyemzidi miaka michache, au bibi, kwa kuwa bibi anayemtania mjukuu kwa kumwita mume wake ana nafasi ya kuuliza maswali ambayo baba hana.

Waliobaki wapewe kazi nyingine zinazoeleweka. Mmoja ashughulikie nauli na dawa, mmoja amsindikize kliniki, na mmoja ajibu maswali ya jamaa. Mmoja pia awaangalie wadogo zake, kazi ambayo husahaulika kila mara, ingawa watoto hao huona kila kitu na hawaelezwi chochote. Inatosha kuwaambia kwamba kaka yao ni mgonjwa, kwamba anatibiwa, na kwamba si wao waliomsababishia.

Nyumba zenyewe hazifanani, na ushauri unaofaa katika nyumba ya ukoo ya Mji wa Kale hauwezi kuhamishwa mzima mzima hadi chumba kimoja cha kupanga Mikindani, ambamo mama aliyetoka Kitui au Siaya analea watoto peke yake huku akifanya kibarua cha usiku. Mama wa namna hiyo hana kikao cha kuitisha. Kwake yeye, watu wa kugawana nao kazi watakuwa jirani wa mlango wa pili, mwenzake wa chama, au mtu mmoja wa kanisani anayejua kunyamaza, na aombe msaada mmoja mahususi, kwa mfano mtu wa kukaa na kijana Jumanne asubuhi, badala ya kusubiri wengine wabashiri shida yake. Ziko pia nyumba ambazo mama yuko Saudia au Qatar akifanya kazi za nyumbani, na watoto wanalelewa na bibi. Huko simu ya video mara nyingi hutumika kuuliza kama pesa zimefika na mtihani umekwendaje, kwa hiyo yafaa zitengwe dakika za kijana kuzungumza na mamake akiwa peke yake. Habari za ugonjwa zipelekwe kwa mama na jamaa mmoja tu, kwa utulivu, kwa sababu rekodi za sauti kumi kutoka kwa watu kumi humwacha mzazi aliye mbali na hofu ambayo hawezi kuifanyia chochote.

Kama kijana huongea Kigiriama au Kidholuo kwa urahisi zaidi, aachwe aseme shida yake kwa lugha hiyo. Kama ni kiziwi, atafutwe mtu mzima anayejua lugha ya ishara, si mdogo wake wa miaka tisa, maana mtoto hapaswi kubeba maneno ya aina hiyo. Na kama kinachomkatisha tamaa ni jambo la dunia, basi lishughulikiwe kidunia. Kijana aliyekosa kitambulisho, kama walivyokosa Wapemba wengi wa Pwani kabla ya serikali kuwatambua mwaka 2023, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kuandikwa kazi rasmi, na kumwambia awe na subira hakumsaidii ikiwa hakuna mtu wa kwenda naye ofisi ya usajili.

Maneno ya kuanzia

Usimkalishe mbele yako kama mtahiniwa. Mazungumzo mazuri hutokea wakati mikono ina kazi au miguu inatembea, kwa mfano mkirudi kutoka sokoni Kongowea, mkipunga upepo Mama Ngina, au mmoja anapokuna nazi na mwenzake anachambua mchele. Maneno ya kwanza yawe ya kile ulichokiona kwa macho, wala si ya kile unachokidhani. Shangazi anaweza kuanza hivi:

"Salma, mwanangu, tangu Mfungo Mosi nakuona huli vizuri, na mlango wako unafungwa mapema. Sijaja kukugombeza. Nataka kujua unaendeleaje."

"Niko sawa, shangazi."

"Haya, mwanangu. Mimi nipo hapa jikoni. Na kesho nitakuuliza tena."

Shangazi huyu hakusukuma, lakini pia hakuondoka na jibu la kwanza kana kwamba limemaliza habari. Wengi hawajibu mara ya kwanza, na baadhi yao wanapima kama anayeuliza atarudi. Akianza kusema, nyamaza kuliko unavyotaka, kisha mrudishie kwa maneno yako ulichokisikia ili akusahihishe. Usimwambie kwamba wenzake wanalala njaa, kwamba mwanamume halii, au kwamba angekuwa anasali yasingemfika, kwa sababu baada ya kauli kama hizo hutaambiwa tena lolote la maana.

Mwambie mapema kuhusu siri, na uitimize ahadi yako. Atakayoyasema yatabaki kwako, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, na hapo utamjulisha kabla ya kumwambia mtu mwingine. Watu wa Pwani tunathamini sitara, na ni jambo jema, ila mara nyingi tunasitiri sifa ya nyumba huku kijana akiachwa peke yake chumbani. Sitara anayostahili ni kwamba habari zake zisifike barazani, lakini zifike kwa mtu wa kumtibu.

Wakati wa kutafuta tiba

Huzuni ya msiba, ya kuachwa na mchumba au ya matokeo mabaya ya mtihani ina haki yake, na si kila chozi linahitaji kliniki. Kipimo kinachotumika sana kwa ugonjwa wa huzuni ni wiki mbili. Ikiwa kwa siku nyingi za wiki hizo kijana hana furaha na mambo aliyoyapenda, halali au analala kutwa, hali au anakula kupita kiasi, amechoka, anajilaumu, na shule, kazi au hata kuoga vimemshinda, muda wa kusubiri umekwisha. Sikilizeni pia mwili, kwa kuwa wengi hawatasema wana huzuni bali watasema kichwa kinauma, tumbo linachafuka au moyo unakwenda mbio, na vipimo vya malaria na homa ya matumbo vitarudi safi mara kwa mara.

Ishara nyingine hazingoji wiki mbili. Kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini kwamba anafuatiliwa au anasomwa mawazo, au ambaye kwa siku kadhaa halali kabisa na bado ana nguvu, anaongea mfululizo na kutumia pesa ovyo, apelekwe hospitalini upesi. Usibishane naye kuhusu sauti hizo wala usijifanye unazisikia, bali jibu hofu yake kwa kumwambia kwamba unaona ameogopa na kwamba utakuwa naye. Na mtu aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, baada ya kuumia kichwa, au akiwa mgonjwa wa kisukari, apelekwe saa hiyo hiyo, kwa sababu malaria kali, homa ya uti wa mgongo na kushuka kwa sukari huja kwa sura ya wazimu na huweza kuua kabla familia haijakubaliana ni pepo gani.

Hapo ndipo penye mvutano katika nyumba nyingi zetu, na haufai kukwepwa. Kuna wanaotaka kisomo, wanaotaka kombe (maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa), wanaotaka kwenda kwa mganga Kaloleni au Kwale, wanaotaka mkesha wa maombi, na mmoja anayetaka daktari. Anayetaka daktari hukosea anapoanza kwa kuwadharau wengine, kwa kuwa hao ndio watakaoamua kama dawa itamezwa. Ni afadhali aseme kwamba dua iendelee na dawa ianze, kisha amtafute imamu au mchungaji anayekubali kumwambia mgonjwa hivyo kwa kinywa chake, na wapo wengi. Mipaka yenyewe ni michache, lakini haina mjadala: mgonjwa asipigwe, asifungwe kwa mnyororo au kamba, asinyimwe chakula wala maji, asifukizwe moshi hadi akose pumzi, na asiachishwe dawa za hospitali kwa ajili ya tiba nyingine. Kifafa nacho kiondolewe katika orodha ya mashetani, kwa maana ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa za kuuzuia. Anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe vitu vigumu karibu na kichwa, na asitiwe kijiko mdomoni.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, ambaye anajua njia za rufaa. Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, kwa muda mrefu imekuwa na huduma za wagonjwa wa akili, na ipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado wanaiita Makadara. Nendeni asubuhi. Chukueni kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, dawa zote anazotumia pamoja na za miti shamba, na karatasi yenye mambo matatu: yalianza lini, analala saa ngapi, na nini kilichokuwa kikimwezekana ambacho sasa kimemshinda. Karatasi hiyo ina faida kuliko hotuba ya jamaa watano, kwani foleni ni ndefu na muda wa daktari ni mfupi. Baada ya kueleza, tokeni nje mumwache kijana azungumze na mhudumu peke yake. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa na kushirikishwa katika matibabu yake, na inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo, kwa hivyo msione haya kuuliza dawa inaitwaje, inafanya nini na itachukua muda gani.

Anaposema amechoka na dunia

Kauli kama "ningekuwa sipo mngepumzika" isichukuliwe kuwa deko. Wala msiipuuze ishara ya kijana anayegawa vitu vyake, anayeaga watu bila safari, au anayetulia ghafla baada ya wiki za dhiki. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humtua mzigo wa kulibeba peke yake. Akikubali, muulize kama ameshafikiria namna na wakati, maana mwenye mpango yuko katika hatari kubwa zaidi na hafai kuachwa peke yake hata kidogo.

Fungieni dawa zote, ondoeni sumu ya panya na ya wadudu, hifadhini vitu vyenye makali, na apelekwe hospitalini kitengo cha dharura akiwa na mtu anayemwamini. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri bila malipo, na kwa aliye chini ya miaka 18 ipo 116 ya Childline. Ikiwa chanzo ni kupigwa au kudhulumiwa kimwili, piga 1195, na msimrudishe kwa aliyemdhulumu kwa sababu tu ni jamaa. Familia nyingi zilikuwa zikificha majaribio ya kujiua kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Semeni ukweli hospitalini, hasa kuhusu alichokinywa na saa aliyokinywa.

Unga na mugoka

Kijana anayetafuna mugoka, aina ya miraa, usiku kucha hulala vibaya, hukosa hamu ya kula na huwa mkali, na kwa baadhi yao hali hiyo huandamana na kusikia sauti na kushuku kila mtu. Amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kuupiga marufuku ilisimamishwa mahakamani, kwa hiyo kazi hii bado iko nyumbani. Muulizeni unamfanyia nini kizuri kabla ya kumwambia ubaya wake. Wengine wanautumia ili wakeshe kazini kwenye bodaboda, na hao wana shida ya riziki kabla ya shida ya majani.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ni habari nyingine. Uteja ni ugonjwa wenye tiba, na kliniki ya Kisauni huwapa wagonjwa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga, kila siku mbele ya mhudumu. Familia zilizochoka kuibiwa sufuria na simu mara nyingine humfungia kijana ndani hadi arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ipite, nami naelewa uchovu wao, lakini njia hiyo ina hatari wasiyoijua: mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hupoteza ustahimilivu wake, na akitoka akarudia kipimo cha zamani anaweza kufa kwa dozi ile ile aliyoizoea. Hatari hiyo hiyo humngoja anayetoka gerezani. Mkubaliane naye juu ya tiba, na simu 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na dawa za kulevya, itawaelekeza zaidi.

Mama kijana baada ya arobaini

Siku za arobaini baada ya kujifungua, mzazi wa Pwani hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, na hakosi mtu chumbani. Siku ya arobaini na moja wageni wamerudi makwao, mume yuko kazini au hayupo kabisa, na binti wa miaka kumi na tisa amebaki na mtoto anayelia usiku. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida na hupita ndani ya wiki mbili hivi, lakini yakiendelea, au yakianza baadaye, na akawa hataki kumshika mtoto, hawezi kulala hata mtoto anapolala, au anasema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, hiyo ni sababu ya kumwona daktari. Akisikia sauti au akisema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Msaada ulio rahisi ni kuusogeza mbele ukarimu wenyewe: mmoja wa waliokuja arobaini aahidi kuja tena kila wiki katika mwezi wa tatu na wa nne baada ya kujifungua, amchukue mtoto kwa muda wa saa mbili, mama alale. Asiye na ndoa anauhitaji msaada huu zaidi, na ndiye anayeupata kidogo zaidi.

Akisharudi nyumbani na dawa

Dawa za huzuni huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kuonyesha nafuu, na katika muda huo ndipo wengi huziacha. Hazikatizwi ghafla hata kama amepona, mpaka daktari aseme. Baadhi ya dawa za wanaosikia sauti huweza kukakamaza shingo na taya au kuleta mtetemeko. Hali hiyo inaogofya lakini inatibika, kwa hiyo rudini hospitalini badala ya kuzitupa.

Kabla ya Ramadhani, mwonane na daktari mapema ili apange dozi kati ya futari na daku, ikiwa mgonjwa anaweza kufunga. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ana hatari ya pekee, kwa sababu upungufu wa maji mwilini huifanya izidi kwenye damu, na joto letu la Februari na Machi halina msaada. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ni vyema aisikie kwa imamu mwenyewe ili asijione mwenye kasoro mbele ya wenzake wanaofunga.

Kazi na masomo virudi kidogo kidogo. Mwalimu mkuu anaweza kuombwa ampunguzie kijana mzigo kwa muhula mmoja, naye hana haja ya kujua zaidi ya kwamba yuko chini ya matibabu. Kwa majirani pia jibu liwe moja, mlilokubaliana naye mwenyewe: alikuwa mgonjwa, anatibiwa, anaendelea vyema. Anayetumia maneno ya kichaa au mwehu mbele yake akatazwe papo hapo, hata akiwa mgeni wa heshima.

Na yule mliyempa kazi ya kumsikiliza apewe mapumziko. Kila baada ya wiki chache kikao kile kile cha mwanzo kikae tena bila kelele, kimuulize kama analala, kama bado anaiweza kazi hiyo, na nani atampokea zamu wakati wa kurudi kliniki ukifika.